Mtungi wa Dani na Rangi ya Mashua

Juzi nilikuwa Kisegi tena, kikazi. Kuna zahanati moja huko ambayo friji yake ya chanjo ilikuwa imeanza kupandisha joto, na mimi ndiye fundi ninayezunguka Homa Bay na Migori nikizikagua friji za namna hiyo, begi la spana mgongoni na vumbi hadi kwenye kope. Nilipomaliza niliingia dukani kununua maji. Msichana wa duka hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Akaniuliza, "Ya baridi ama ya moto?"

Unajua, rafiki yangu, kwamba huku kwetu "ya moto" si maji yaliyochemshwa. Ni ile chupa iliyokaa rafuni tu. Swali hilo nimeulizwa kila mahali na sijawahi kulifikiria mara mbili. Lakini siku hiyo nilikuwa Kisegi, hatua chache kutoka kijia cha kwenda kwa nyanya yangu, na nilijikuta nimesimama kaunta kama mtu aliyesahau alichotumwa. Ikabidi aniulize tena. Nikamwambia anipe ya moto, nikaenda kuketi kwenye benchi nje ya duka, na mambo ya zamani yakaja yote kwa pamoja.

Nyanya yangu tulimwita Dani, kama nyanya wengi wa Kiluo wanavyoitwa. Mama alikuwa anauza nafaka katika soko la Oyugis, na aliniacha kwa Dani tangu darasa la tatu, kwa hiyo yeye ndiye aliyenilea. Alikuwa mwanamke mfupi, Msabato wa kweli kweli, mgongo umenyooka na ulimi hauna breki. Boma letu lilikuwa juu ya mteremko. Chini tuliliona ziwa, mashua zimepangwa ufuoni, na omena, wale dagaa wetu wa ziwani, zimeanikwa juu ya nyavu kuukuu. Kazi za asubuhi zilikuwa zilezile kila siku: kufagia uwanja, kushuka ziwani na jerikeni, kupanda nayo kichwani, kugeuza omena na kuwafukuza kuku. Harufu ya omena iliingia kwenye sare, kwenye nywele, hata kwenye daftari, na hakuna aliyejali maana darasa zima lilinuka hivyo.

Nyuma ya mlango, mahali penye giza kidogo panapopita upepo, palikaa mtungi wa udongo wa maji ya kunywa. Dani alipewa na mama mkwe wake alipoolewa. Ulikuwa na tumbo kubwa na shingo fupi, umekalishwa juu ya mchanga, umefunikwa kwa sahani ya bati, na juu ya sahani palikuwa na kikombe kimoja ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukitoa nje. Maji yake yalikuwa baridi ya kumfanya mtu afumbe macho. Ukitoka shuleni jua limekupiga kichwani, kikombe cha kwanza ulikunywa bila kupumua, cha pili polepole, na hapo ndipo ulisikia ile ladha ya udongo. Nimekunywa maji mengi tangu wakati huo, hata ya friji ninazozijua kwa ndani, lakini yale hayajapata mwenzake.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa ya pale karibu alipokuja mwalimu mpya wa fizikia. Alitoka Kegonga, huko juu kwa Wakuria, na hakujua neno hata moja la Dholuo. Kwa hiyo tulimsikia akiongea Kiswahili tu, darasani, dukani, hata akibembeleza mbwa wa watu wasimuume. Siku ya kwanza alifungua kabati la maabara, akatoa vifaa kimoja kimoja, akavifuta vumbi, akavipanga mezani. Kisha akatuambia ukweli ambao walimu wengine walikuwa wakiuzungukazunguka. Vifaa vya mtihani wa vitendo vilitosha watu sita. Kuanzia kidato cha tatu, fizikia ingesomwa na wanafunzi sita, basi. Sisi tulikuwa arobaini na kitu.

"Sitaangalia nani anapiga kelele darasani," alisema. "Kila mtu atafute kitu kimoja kwao nyumbani chenye kufanya kazi. Aniambie kwa nini kinafanya kazi. Nitakuja nikione hapo hapo kinapokaa, kwa sababu kitu kikiletwa shule kinaanza kujifanya."

Tulicheka, tukidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Wiki hiyo hiyo watu wakaanza kunyakua vitu. Mmoja alichagua mpira ambao baba yake alitumia kuhamisha petroli ya mashua: unanyonya kidogo, unautumbukiza upande wa chini, na mafuta yanapanda ukingo wa pipa yenyewe kabla ya kushuka. Binti wa mchungaji alichagua mawe ya tochi, yaani zile betri ambazo kila nyumba iliziweka juu ya mabati zikipungua nguvu ili jua lizifufue. Mwingine alisema yeye ataeleza kwa nini mashua ikijaa omena inazama hadi mstari wa pili wa rangi na haizami yote. Niliona wivu kwa kila mmoja wao.

Ningekuambia kwamba nilikuwa na ndoto kubwa, ningekuwa nakudanganya. Niliitaka fizikia kwa sababu moja ya kitoto: katika somo hilo mtu mzima hawezi kukunyamazisha kwa vile tu ni mtu mzima. Ukisema maji yatapanda, na yakapanda, basi yamepanda. Tena msichana aliyekosa fizikia aliandikishwa sayansi ya nyumbani bila kuulizwa, na mimi kupika nilikuwa nikipika tangu nikiwa na miaka minane. Nilijiapia kwamba kati ya wale sita nitakuwa mmoja, hata kama nitalala mlangoni pa maabara.

Nikachagua mtungi. Nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: mtungi unapoza maji kwa sababu udongo ni kitu baridi. Nilimsomea Dani akasema ni kweli kabisa. Nilimsomea jirani yetu, yule mama aliyeuza uji ufuoni kwa wavuvi wanaporudi asubuhi, naye akasema hata mtoto anajua hivyo. Nikaona kazi imekwisha, limebaki tu kumngoja mwalimu.

Sasa, kwetu mgeni haji akakuta nyumba ilivyo. Akitangazwa tu, wanawake huchanganya udongo na mavi ya ng'ombe, wakasiliba kuta na sakafu upya, wakachora ukingo wa chini kwa udongo mwekundu. Mwalimu alipotupangia Jumapili yetu, wiki tatu kabla, Dani alianza kusiliba siku iliyofuata. Nyumba ikapendeza. Na kadiri nyumba ilivyopendeza ndivyo mtungi ulivyozidi kuonekana mchafu, una alama za masizi na mabaka meupe ya chumvi, na huo ndio mgeni alikuwa anakuja kuutazama. Niliona aibu. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa fundi wa kupaka mashua rangi, na nyuma ya nyumba yake palikuwa na kopo la bluu lililobaki. Rangi ya mafuta, ile inayokaa majini mwaka mzima na haitoki.

Unaona ninakokwenda. Jumatano Dani alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, niliumwaga maji mtungi, nikautoa uani, nikaupaka. Mkono wa kwanza, nikangoja, mkono wa pili. Nilifanya kazi safi, hata chini ya shingo sikuacha doa. Ulipokauka niliurudisha kwenye mchanga wake, nikaujaza, nikakaa mlangoni nikingoja sifa.

Dani aliingia, akautazama kwa muda mrefu, akauliza, "Umeuvalisha sare?" Nikajua anafikiria kwamba ni mambo ya shule, hayamhusu. Kesho yake adhuhuri alirudi kutoka shambani, akachota kikombe, akanywa. Alikaa na maji mdomoni. Akaenda hadi mlangoni, akayatema nje.

"Maji haya yamekufa," alisema.

Nilikunywa mimi mwenyewe. Yalikuwa ya uvuguvugu, kama yaliyosimama ndani ya jerikeni juani. Nikakataa kuamini, nikanywa tena. Siku mbili nilijidanganya kwamba rangi bado haijakauka sawasawa. Dani akaacha kabisa kunywa kwake nyumbani, akawa anakwenda kwa mama wa uji kuomba kikombe, yeye ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi. Hilo liliniumiza kuliko kipigo, ambacho hakikuja.

Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu kumwambia anifute. Nilieleza yote nikitazama viatu vyake. Hakuwa na haraka. Aliniuliza, "Umebadilisha kitu gani?"

"Nimepaka rangi tu, mwalimu."

"Udongo umetoka?"

"Hapana. Uko ndani ya rangi."

"Kama udongo uko na baridi haiko, basi ulichoandika kwa kitabu si kweli." Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayekuambia kifungo cha shati kimefunguka. "Bado uko na wiki mbili. Rudi nyumbani uangalie. Usifikirie kwanza, wewe angalia."

Nilirudi nikamkuta Dani amepiga magoti mbele ya mtungi, gunzi la mahindi mkononi na mchanga wa ziwa kwenye sahani, anasugua. Alikuwa amesugua tangu asubuhi, na kazi yote hiyo ilikuwa imetoa kipande cha ukubwa wa kiganja. Hapo udongo ulionekana, mwekundu, katikati ya bluu. Jasho lilikuwa linamtoka kidevuni. Nilichukua gunzi nikasugua pia, hadi giza likatukuta na kiganja kimekuwa kiganja na vidole viwili.

Asubuhi niliamka nikaenda moja kwa moja kuutazama, kama nilivyoagizwa. Bluu ilikuwa kavu kabisa. Kile kipande cha udongo kilikuwa kimelowa. Nilikifuta kwa kanga, nikakaa chini nikakitazama, na baada ya muda kikalowa tena, vitone vidogo vidogo kama vya mtu anayechapa kazi. Mtungi mzima zamani ulikuwa hivyo, na nilikuwa nimeuona hivyo kila siku ya maisha yangu bila kuutazama. Jioni hiyo nilishuka ziwani kuoga. Nilipotoka majini upepo ukavuma nikatetemeka. Nilipokauka, upepo ni uleule na sikutetemeka tena. Nilisimama pale na sabuni mkononi nikaelewa. Maji hupenya kwenye vitundu vya udongo, yanatoka nje, yanakuwa mvuke, na yanapoondoka yanachukua joto la wenzao waliobaki ndani. Udongo haukuwa na baridi yoyote ya kwake. Kazi yake ilikuwa kuruhusu. Nilipanda mlima nikikimbia na sijui hata kama nilijifuta vizuri.

Dani alikuwa amerudi kwenye gunzi lake. Nilimwambia aache.

"Niache?"

"Dani, ukiimaliza hiyo rangi sitakuwa na la kumwonyesha mwalimu. Nataka bluu ibaki mpaka aje."

"Kwa hivyo mimi ninywe maji yaliyokufa ili wewe usome."

"Ndiyo," nilisema. Nilikuwa na miaka kumi na sita na sikujua kulainisha neno.

Alinitazama. Akaweka gunzi chini. "Siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Nitahesabu," alisema, akainuka kwa kujishika kiunoni.

Mama wa uji aliniazima mtungi wake, unaolingana na wetu, nikauweka kando ya ule wa bluu. Wiki ya mwisho mwalimu aliniazima kipimajoto pekee cha shule, amekifunga kwenye leso yake, na akaniambia kikivunjika tutapima joto la maji kwa kiwiko kama wanavyopimia watoto maji ya kuoga. Nilipima asubuhi, adhuhuri na saa kumi. Nilitembea na kile kipimajoto kama nimebeba yai la mwisho duniani. Adhuhuri tofauti kati ya mitungi miwili ilifika nyuzi tano, na kila nilipoandika nilihisi nimepiga hatua moja kuelekea kwenye lile kabati. Jumamosi Dani alinikataza katakata. Sabato ni Sabato, akasema, hata hicho kijiti chako cha kioo kipumzike. Nilimbembeleza, nikakasirika, nikanuna, lakini ukurasa wa Jumamosi ukabaki mweupe.

Mwalimu alikuja Jumapili saa nane. Kwanza alikula, maana kwa Dani hakuna elimu kabla ya ugali. Samaki mzima aliwekwa mbele yake na ikawa wazi kwamba huko kwao Kegonga amezoea nyama. Alimzunguka yule samaki kwa heshima bila kujua pa kuanzia. Dani alimvumilia kidogo, kisha akamtolea mifupa kwa vidole vyake mwenyewe.

"Kula, Japuonj," alimwambia, yaani mwalimu. "Samaki haina vita. Wewe ndio unaogopa yeye."

Baada ya kunawa tulikwenda nyuma ya mlango. Nilieleza. Nilimpa maji ya mtungi wa bluu, nikampa ya mtungi wa jirani, nikamwonyesha kile kipande cha udongo kilicholowa, nikamsomea namba zangu. Mwalimu aligusa kile kipande, akanusa kidole, akauliza kwa nini mtungi hufanya kazi vizuri nyuma ya mlango kuliko jikoni. Nikamwambia ni upepo, unaondoa mvuke upate nafasi mwingine. Akauliza mbona siku ya mvua maji hayawi baridi sana. Nikafikiria, nikamwambia hewa imeshashiba. Akafungua daftari, akaona ukurasa mweupe.

"Jumamosi hukupima?"

Kabla sijafungua mdomo, Dani alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nilikataza. Sabato hata joto iko nyumbani kwake inapumzika. Andika hivyo."

"Sawa, mama," alisema mwalimu, na nilimwona akiandika kweli.

Siku ya kufunga shule alisoma majina sita. Mwenye mpira wa petroli alikuwa wa kwanza. Binti wa mchungaji alipita pia, si kwa sababu jua hufufua betri bali kwa sababu alionyesha kwamba huzipa dakika chache tu halafu zinakufa vilevile, jambo ambalo liliwaudhi wazee wengi. Jina langu lilikuwa la mwisho. Nilikimbia kutoka shuleni hadi nyumbani bila kusimama, na Dani aliposikia alipiga makofi mara moja tu, akasema, "Haya. Sasa nirudishie maji yangu."

Kusugua kungechukua mwaka. Baba mdogo akatoa wazo la kuuchoma mtungi ili rangi iungue, na mimi, mwanafizikia wa siku mbili, nikachukua uongozi. Niliwahutubia. Kitu kikipashwa joto hutanuka, niliwaambia. Upande mmoja ukitanuka au kunywea kabla ya mwingine, kinapasuka. Kwa hiyo tuliukausha juani siku nne. Tukauzungushia mavi makavu ya ng'ombe na nyasi, tukaanza moto kwa mbali, tukausogeza taratibu. Rangi ilitoa mapovu, ikanuka vibaya, ikawa nyeusi, ikaanza kubanduka. Nilisema uachwe ndani ya majivu hadi upoe wenyewe, hata kama ni mpaka kesho. Nilisema mimi, kwa kinywa changu.

Nikashindwa kungoja. Wakubwa walipokwenda kula nilichukua kijiti nikafukua majivu upande mmoja, nione tu kama bluu imeisha. Upepo wa ziwa ulikuwa unapanda. Nilisikia mlio mdogo, tik, nikajiambia ni kaa. Nikarudisha majivu haraka.

Kesho yake Dani aliutoa, akaufuta, akaubeba mapajani. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Akaugonga tena mahali pengine. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikisikiliza naye.

"Ni mzima," alisema.

Furaha niliyoipata siku hiyo siwezi kuieleza. Nilianza kidato cha tatu nikiwa mtu mwingine. Nilisoma mgandamizo wa maji, nilisoma saketi na ukinzani, niliunguza waya, nilipigwa na umeme kidogo mara mbili nikaificha mikono. Kila nikirudi nyumbani mtungi ulikuwa umejaa na maji ni baridi kama zamani. Mchanga chini yake ulikuwa umelowa sana, na Dani alikuwa amechomeka beseni dogo pale, na maji yalikuwa na ladha ya uji kwa mbali. Hayo yote nilimweleza mimi. Nilimwambia moto umefungua vitundu vya udongo zaidi, kwa hiyo jasho limezidi. Nilimchorea hata mchoro. Ladha nilisema ni majivu. Dani alikuwa akitikisa kichwa, anasema, "Ee, nyakwara, wewe ndiye unajua," na mimi, mjukuu mwenye akili, nilimwamini.

Nilikuwa chuoni, Homa Bay mjini, mwaka wa pili, Dani alipofariki. Baada ya mazishi, waombolezaji walipopungua, nilimkuta mama wa uji anaosha vyombo nyuma ya nyumba. Nilimwambia nataka kuuchukua mtungi. Akasitasita, akasema niuchukue lakini nisiutilie maji, nitalowesha nyumba yangu. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama akitaka kujua kama natania.

"Ulipasuka siku ile ile mliuchoma," alisema. "Wewe hukujua? Nilikuwa nampa makoko ya uji anaziba, inashika usiku, asubuhi inaachilia. Ukienda shule alikuwa anarudi ziwani, anajaza tena kabla hujafika. Ijumaa anabeba mara mbili juu ya Sabato. Nilimwambia atafute mwingine, akasema, yule mtoto akijua amepasua huu, ataogopa kushika kitu tena."

Kesho yake saa tatu asubuhi nilichota maji, nikaujaza mtungi hadi shingoni, nikaondoa beseni. Nilikata kijiti nikakitia alama, nikaketi sakafuni na daftari. Nilipima kila saa, kama alivyonifunza mwalimu, bila kufikiria kwanza. Kufika saa kumi, saa niliyokuwa nikitoka shuleni, mtungi ulikuwa umebaki robo. Kilichopotea kilikuwa jerikeni moja na kidogo. Kwa hiyo ni jerikeni moja na kidogo kila siku ya shule, miaka miwili, kutoka ziwani hadi juu ya mteremko ule, akiwa na umri ule. Hesabu nilizifanya zote hadi mwisho. Zilikuwa sahihi, nilizirudia.

Leo hakuna anayebeba. Bomba limefika hadi karibu na shule, pampu inaendeshwa na jua, na kabati la maabara limekuwa chumba kizima ambacho mtoto yeyote huingia. Mwalimu alihamishiwa kwao Kuria zamani. Nyumba ya Dani imelala chini, hakuna wa kuisiliba. Mama wa uji naye hayupo. Sitaki turudi kule, nisikudanganye. Watoto wanaokunywa maji ya bomba wana nafasi ya kulala asubuhi, na friji ninazozitengeneza zinaokoa wenzao. Lakini hakuna tena mtu duniani anayenijua hivyo, wa kujua kabla yangu nitakachoshindwa.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia. Nilibishana naye kichwani nikiwa nimelala chini ya friji za watu, bisibisi mdomoni. Nilimwambia angenieleza tu ukweli, mimi si mtu wa kuogopa, ningelia siku moja halafu ningeendelea. Nimelisema hilo mara nyingi sana. Kisha juzi, nikiwa nimeketi kwenye lile benchi la duka na chupa ya maji ya uvuguvugu, nilimkumbuka yule msichana wa miaka kumi na sita, kijiti mkononi, anarudisha majivu haraka haraka ili asijue alichosikia. Angeogopa.